Wimbo Aliopewa Adhieu

Manukato yalitangulia, kisha mlio wa viatu virefu, kisha msichana mwenyewe. Lilly Gune aligeuka kwenye benchi la kinanda, miguu yake pekupeku juu ya vikanyagio, akamwona mgeni amesimama katikati ya viti vya kanisa, mrefu, mweusi wa kung'aa, na tabasamu lililokwisha kuomba msamaha kabla kinywa hakijafunguka.

"Wewe ndiye Lilly? Pole sana, dada. Nimechelewa. Jam ya leo, wacha tu."

"Malesh, haina shida. Wewe ndiye Adhieu uliyepiga simu?"

"Ndio mimi. Bibi harusi." Adhieu alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyesema jambo la aibu. "Hata mimi mwenyewe sijazoea kujiita hivyo."

Alikuwa na namna ya kumfanya mtu ampende papo hapo. Lilly alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. Adhieu akaketi karibu kabisa, mabega yakigusana, akaanza kumwaga habari zake zote kana kwamba walikua nyumba moja. Alilelewa Eldoret. Alirudi Juba kufanya kazi ofisini. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ijayo, katika kanisa la kwao, kanisa lisilo na mtu wa kupiga kinanda vizuri.

"Nikaulizia, nani anajua kinanda hapa Juba? Kila mtu ananiambia Lilly Gune, Lilly Gune. Ati unatunga hadi nyimbo zako mwenyewe. Nikasema huyo ndiye nitamchukua. Lakini mchumba wangu hajui kama nimekuja. Nataka kumshtua siku yenyewe."

"Atafurahi."

"Atalia! Namjua." Adhieu alimtazama pembeni. "Na wewe, dada, umeolewa?"

Lilly alijikuta anatabasamu. Hakuwa na desturi ya kusema mambo yake kwa wageni, lakini furaha ya mwenzake ilikuwa inaambukiza. "Bado. Wangu yuko Nairobi, anamalizia rekodi zangu za kinanda. Akirudi tutaenda Rejaf aonane na mama."

"Ai! Basi unajua ninavyojisikia."

Lilly alijua. Kwa miaka miwili alikuwa akijisikia hivyo hivyo. Kila simu ikilia, moyo unapiga teke. Kila pikipiki ikisimama getini, shingo inageuka.

"Sasa sikiliza," Adhieu alisema akitoa simu kwenye mkoba. "Kuna wimbo nataka uupige nikiwa naingia. Hauna maneno, ni kinanda tu. Alinitungia yeye mwenyewe, mchumba wangu. Sijui kama utauweza. Ni mgumu kidogo."

Akabonyeza.

Noti ya kwanza ilipotoka, Lilly alidhani amesikia vibaya. Ya pili ilipoifuata, mikono yake ilipoa kuanzia kwenye kucha. Zikapanda noti nne za mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayepanda kilima akiwa amechoka, halafu besi ikaingia chini yake, nzito, ya miguu. Miguu yake mwenyewe. Alivijua vidole vile kama mtu anavyoijua sauti yake anapoitika. Na nyuma ya muziki, kwa mbali, mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati.

Ulikuwa ni "Asubuhi ya Rejaf."

Baba yake, Katekista Gune, ndiye aliyemfundisha kinanda, kule Adjumani walikokuwa wakimbizi. Kilikuwa kinanda kikuukuu cha kupuliza upepo kwa miguu, na kwa kuwa miguu ya Lilly haikufika chini, baba alipiga magoti sakafuni akawa anasukuma vikanyagio kwa mikono yake huku binti anapiga. Baadaye Lilly alipata mwalimu Kampala, akajifunza kuandika noti, akatunga nyimbo za misa zilizoimbwa hadi Arua. Waliporudi nyumbani, baba hakukaa sana. Walimzika Rejaf karibu na mto, na asubuhi iliyofuata Lilly alikuja kanisani hapa, akakaa kwenye benchi hili, vidole vikasema kile ambacho kinywa kilishindwa.

Mtu wa kwanza kuusikia wimbo ule alikuwa Mading. Alikuja kufunga vipaza sauti vya kwaya, akausikia akiwa juu ya ngazi, akashuka, akakaa kiti cha nyuma, akafunika uso. Wiki zilizofuata alileta mashine zake, wakazima feni, wakasogeza jenereta mbali, wakafukuza njiwa kwenye dari, wakarekodi mchana baada ya mchana. Siku ya "Asubuhi ya Rejaf" mvua ilianza katikati. Lilly alitaka kuacha. Mading alimwinulia mkono kwamba aendelee. Ulipokwisha alimwambia, "Siifuti hii mvua. Huyo ni Mungu amekuja kumlilia baba yako." Na hapo hapo, kwa mara ya kwanza, alimshika mkono.

"Si mzuri?" Adhieu aliuliza kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Kila nikiusikia naona kama naitwa nyumbani."

"Anaitwa nani?" Lilly aliuliza. "Huyo mchumba wako."

"Mading. Ana studio Hai Amarat, labda unamjua?" Adhieu aligeuza simu. Kwenye kioo alikuwa Mading na shati jeupe, lile ambalo Lilly alimnunulia Pasaka, mkono wake kiunoni mwa Adhieu. "Nimetoka kumwacha huko sasa hivi. Nimemdanganya naenda kwa fundi wa nguo."

Mahali fulani nje njiwa walikuwa wanalia. Lilly aliutazama mkono ule kwenye picha mpaka ukapoteza maana.

"Dada, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni joto."

"Utauweza?"

"Nitajaribu," Lilly alisema. "Rudi kesho."

Adhieu alimkumbatia kwa nguvu, akamwachia manukato yake begani, akaenda zake.

* * *

Studio ya Mading ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hoteli, kuta zimefunikwa magodoro. Alikuwa ameinama anakunja waya. Mlango ulipofunguka aliinua macho, na waya ukamponyoka.

"Lilly."

"Nairobi imekuwa karibu siku hizi."

Mading alimtazama kama mtu anayetafuta mlango wa kutorokea. Ndipo Lilly alipojua kwamba njia nzima, juu ya ile bodaboda, alikuwa bado anaomba iwe ni makosa. Labda ni Mading mwingine, labda picha ya zamani. Tumaini lile lilizimika pale, alipoona jinsi anavyomeza mate.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa bibi harusi wako. Alikuja kunikodi nimpigie kinanda."

Mading alikaa juu ya spika. Alifunika uso kwa viganja, vile vile alivyofanya siku ya kwanza, na Lilly akachukia kwamba bado ishara ile ilimgusa.

"Nilitaka kukwambia," alisema. "Haki ya Mungu, Lilly. Kila siku nasema leo, leo. Mama alikataa katakata. Alisema nikikuoa wewe usiye wa kabila letu, nisimwite mama tena. Ati atazungumza lugha gani na wajukuu zake? Wajomba nao wakaja, wakakaa, wakaleta jina la Adhieu. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu."

"Niseme nini?"

"Useme hivyo unavyosema sasa. Ningelia, ningekuacha uende. Watu wanaachana, Mading, hawafi. Lakini umenikalisha nikikungoja. Juzi usiku umeniambia baridi ya Nairobi inakuumiza kifua, mimi nikakuombea!"

"Sikuweza kukupoteza."

"Kwa hiyo ukabaki na sisi wote."

Mading alinyanyuka, akamkaribia. Alikuwa na harufu ile ile, ya sabuni na nyaya zilizopata moto. Aliushika mkono wa Lilly, na Lilly, Mungu amsamehe, aliuacha mkono ule humo kwa pumzi mbili tatu, kwa sababu mkono ulikuwa haujapata habari. Kisha aliuchomoa.

"Na wimbo?" aliuliza. "Mama yako alikuambia umpe na wimbo?"

Hapo Mading aliona haya kweli. "Adhieu aliniuliza kama nimewahi kutengeneza kitu changu mwenyewe. Nikaona aibu kusema kazi yangu ni kurekodi watu wengine tu. Nikamwekea huo. Akalia. Akaniuliza, ulikuwa unanifikiria mimi? Nikasema ndiyo. Ilianza hivyo tu, neno moja."

"Na albamu yetu?"

"Iko tayari. Jina ni lako, na picha yako iko mbele."

"Na 'Asubuhi ya Rejaf'?"

Mading aliinama akauokota ule waya.

"Mading. Wimbo uko wapi?"

"Huo nimeutoa," alisema akitazama sakafu. "Lilly, nisikize. Wewe utatunga mwingine. Wewe nyimbo hazikuishii, ukikaa kwenye kinanda zinakuja zenyewe. Mimi nilikuwa na huo tu."

Lilly alihisi kama amepigwa kofi na mtu aliyekuwa amemkumbatia. Alipokasirika, Kiswahili kizuri alichojifunza kwa Mading kilimkimbia, kikarudi kile cha Kampala, ambacho Mading alizoea kukicheka kwa mapenzi.

"Wewe iko na mama," alisema. "Iko na wajomba, iko na bibi harusi. Mimi iko na nani? Baba nilizika. Ule wimbo ni baba! Wewe ulijua, mimi sikuambia mtu mwingine. Na wewe umechukua kilio changu, umempa yule msichana aingie nacho kanisani na maua!"

Mading hakucheka. "Usimwambie," alinong'ona. "Nakuomba. Yeye hana kosa."

"Najua hana. Mimi nimempenda, ndiyo maana inaniuma mara mbili." Alikuwa amefika mlangoni. "Mwambie wewe mwenyewe, leo. Usipomwambia, kesho atasikia kwangu. Khalas, imekwisha."

* * *

Kesho yake Adhieu alikuja amevaa tabasamu lile lile, na Lilly alijua, kabla ya salamu, kwamba Mading hakuwa amesema kitu.

"Umeujaribu, dada?"

"Keti kwanza, Adhieu."

"Ni mgumu sana? Kama ni mgumu tunaweza kuufupisha."

"Ule wimbo ni wangu."

Adhieu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja mwisho wa utani. Lilly hakumpa mwisho wa utani. Alimweleza yote. Miaka miwili, Nairobi isiyokuwepo, mama aliyekataa. Alisema polepole, bila kupamba, na kila neno aliliona likiingia usoni kwa mwenzake na kuzima kitu. Alipomaliza, Adhieu alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Unamtaka mchumba wangu. Si ndio?"

"Namtaka," Lilly alisema. "Mpaka jana mchana nilikuwa nangoja arudi anioe. Siwezi kukudanganya leo kwamba simtaki. Lakini simchukui."

"Jana ulijua." Adhieu alirudi nyuma hatua moja. "Ulijua, ukaniacha nikakukumbatia! Nikaenda nyumbani nikamsimulia dada yangu vile umekuwa mzuri kwangu!"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. "Nisamehe. Nilitaka nimsikie yeye kwanza. Nilikuwa naomba niwe nimekosea."

Adhieu akatoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya kinanda sauti ikiwa wazi.

"Mpenzi," sauti ya Mading ilijaa kanisa tupu, laini, ile sauti ya usiku ambayo Lilly alidhani ni yake peke yake. "Uko wapi?"

"Kwa fundi. Mpenzi, wazee wa kwetu wanataka uwapigie ule wimbo wangu kesho. Kwa mikono yako. Kinanda kimepatikana."

"Kesho? Ah... unajua mkono wangu huu unaniuma siku hizi. Wacha tuwawekee rekodi."

"Sawa. Hivi uliutunga wapi? Nimesahau."

"Si nilikuambia? Nairobi, dirishani, nikikuwaza wewe. Kwani kuna nini?"

"Na ile mvua?"

"Mvua gani?"

"Kuna mvua inapiga mabati ndani ya wimbo, Mading. Mimi huisikiliza kila usiku, naijua. Studio za Nairobi zina mabati?"

Halafu, kwa sauti iliyobadilika kabisa, "Adhieu, uko wapi? Uko na nani?"

Adhieu alikata simu. Alibaki ameinama, viganja juu ya ubao wa kinanda. Lilly alitaka kumgusa bega, akaogopa.

"Alinitazama machoni," Adhieu alisema. "Nililia, naye akanifuta machozi. Mtu anakufutaje machozi kwa uongo?"

"Sijui, dada. Na mimi alinifuta."

Adhieu alivuta pumzi, akakaa kiti cha mbele, magoti pamoja, kama mtoto wa shule. "Nipigie," alisema. "Nipigie wewe, mpaka mwisho. Na uniambie ulikuwa wa nani."

Lilly alivua viatu. Alipiga, na huku anapiga alisema, maneno machache kila mkono ulipopumzika. Hapa ni njia ya kwenda mtoni. Hapa wanaume wamebeba jeneza na mmoja anateleza. Hapa mama anakataa kuondoka. Alipiga na sehemu ya mwisho ambayo haikuwa kwenye simu ya Adhieu, kwa sababu Mading aliikata. Ilikuwa sehemu ambayo wimbo hauna tena sauti za juu, unabaki miguu tu, ikienda, ikienda, mpaka inasimama.

Alipogeuka, Adhieu alikuwa analia bila kujificha, na rangi ya macho imemchirizika mashavuni.

"Pole kwa mzee," alisema.

"Asante."

"Kwetu wameshaalika watu mpaka Bor. Mama yangu ataumwa." Alijifuta kwa upindo wa mtandio. "Lakini siwezi kuingia kanisani nikikanyaga baba wa mtu. Na kama ameweza kuniletea kilio akaniambia ni harusi, nikizaa naye, nikizeeka naye, ataniletea nini aniambie ni nini? Siolewi, Lilly. Wacha wanitukane."

Nje pikipiki ilifunga breki kwa nguvu. Mading aliingia mbio, shati limeshikana na mwili kwa jasho, akasimama katikati ya viti. Alimtazama Adhieu, akamtazama Lilly, akamrudia Adhieu. Hakujua jina gani aliite kwanza.

Adhieu alimwokoa na shida hiyo. Alipita kando yake, mrefu, kichwa juu, bila kupunguza mwendo. Mlangoni alimgeukia Lilly, si yeye. "Nitakupigia," alisema. Manukato yalikaa kidogo baada yake, kisha nayo yakaondoka.

Mading alitembea mpaka kwenye kinanda. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mzuri hata akiwa ameharibika, na Lilly alilazimika kushika ukingo wa benchi.

"Ameniacha," alisema.

"Nimeona."

"Mama hatanisamehe. Wajomba ndio usiseme." Alipiga goti, akaweka kiganja karibu na chake, bila kugusa. "Lilly. Sasa hakuna tena kitu cha kututenganisha. Nitaenda Rejaf kesho kwa mama yako. Nitarudisha wimbo kwenye albamu. Nimebaki na wewe tu."

Kwa miezi mingi angetoa chochote kusikia neno lile, Rejaf, kesho. Sasa lilimfikia kama sahani ya chakula walichokwisha kula wengine.

"Jana ulikuwa na nafasi ya kuja kwangu ukiwa na mama, na wajomba, na harusi, na kila kitu," alisema. "Ungeviacha ukaja, labda ningelia nikakupokea. Leo umefukuzwa, ndiyo umenikumbuka."

"Nakupenda. Hilo si uongo."

"Najua si uongo." Ndipo machozi yalipomtoka, ya kwanza tangu jana, na hakuyafuta. "Ulinipenda, na ukanifanyia hivi ukiwa unanipenda. Basi sitaki kuona siku utakayokuwa umenichoka. Niletee rekodi zangu zote. Mpe mlinzi hapo getini, usiniite. Nenda, Mading."

Alikaa amepiga goti muda, akingoja, kwa sababu siku zote Lilly alikuwa akilegea. Kisha aliinuka.

Lilly aligeukia kinanda, akampa mgongo. Alisikia nyayo zake zikishuka katikati ya viti, zikisimama mlangoni, zikitulia. Alijiambia asigeuke. Aliomba zisirudi, akaomba kwa bidii, kwa midomo, na chini ya maombi hayo moyo wake, ule mjinga, ulikuwa unaomba zirudi. Pikipiki iliwaka getini. Ilinguruma mahali pamoja kwa kitambo, kama mwenye nayo bado anafikiri, halafu ikaondoka kuelekea barabara kubwa, na Lilly akaisikiliza mpaka haikuweza tena kutofautishwa na nyingine.